Kutoka Sheria ya Mfalme hadi Mazungumzo ya Watu: Wachungaji, Wakulima na Fikra za Demokrasia katika Denmark

Msomaji wa historia ya Ulutheri hukutana mara nyingi na hukumu moja, kwamba Ulutheri uliwafundisha watu kutii tu, na kwamba demokrasia ya Ulaya ilitoka kwa wengine: kwa Wakalvini wa Geneva na Scotland, kwa Wapuritani wa Uingereza, au kwa wanafalsafa wa Ufaransa waliolipa Kanisa kisogo. Hukumu hiyo haikosi msingi. Fundisho la tawala mbili, likisomwa pamoja na Warumi 13 na kuachwa Matendo 5, limepata kutumiwa kuwafunga watu midomo. Hata hivyo tunadhani kwamba hukumu hiyo imepimwa zaidi kwa mizani ya nchi moja, yaani Ujerumani. Katika makala hii tunataka kuitazama nchi ndogo jirani yake, Denmark, ambayo ilikuwa ya Kilutheri tangu 1536, ikawa na utawala wa kifalme mkali kuliko karibu wote wa Ulaya, na baadaye ikawa miongoni mwa nchi zenye demokrasia imara. Swali letu ni hili: mabadiliko hayo yalipitia mlango gani? Na kama yalipitia mlango wa Kanisa, ni nani aliyeufungua?

Mwaka 1660 Mfalme Frederik III alipata utawala wa kurithi usio na mipaka. Tarehe 14 Novemba 1665 akatia sahihi hati iliyoitwa Sheria ya Mfalme. Wafalme wengi wa Ulaya wa wakati ule walitawala wapendavyo, lakini mfalme wa Denmark aliandikiwa jambo hilo kisheria: alikuwa juu ya sheria zote za wanadamu, na mwamuzi wake alikuwa Mungu peke yake. Alifungwa na mambo machache tu. Ilimpasa kushika Ungamo la Augsburg, asiugawe ufalme, na asiibadilishe Sheria yenyewe. Tena hati hiyo iliwekwa siri kwa miaka mingi. Haikutolewa hadharani mpaka 1709. Ni jambo la kuwaza kwa mtheolojia wa Kilutheri kwamba ungamo letu limo ndani ya hati ile, kama moja ya nguzo chache zilizoachwa zisimame mbele ya mfalme.

Mchungaji wa siku zile alikuwa pia mtumishi wa mfalme. Amri za serikali zilisomwa kanisani. Mkulima naye alikuwa chini ya mwenye shamba kubwa, na kuanzia 1733 sheria ilimkataza mwanamume wa shambani kuhama kutoka milki aliyozaliwa. Kifungo hicho hakikuondolewa mpaka 1788. Katika hali hiyo ingekuwa vigumu kutabiri kwamba mkulima yuleyule angeketi bungeni baada ya miaka 60 tu.

Mbegu ya kwanza ilipandwa na serikali yenyewe, bila kujua. Mwaka 1736 kipaimara kilifanywa cha lazima kwa wote. Aliyekosa kipaimara hakuweza kufunga ndoa. Ili kijana apate kipaimara ilimpasa ajifunze mafundisho, na kwa ajili hiyo Erik Pontoppidan alitunga mwaka 1737 maelezo ya Katekisimo Ndogo ya Luther yaliyotumiwa katika Denmark na Norway kwa vizazi vingi. Kusudi lilikuwa kuwapata raia wachaji na watiifu. Matokeo yake yalikuwa mapana zaidi: watoto wa wakulima walijifunza kusoma, na anayeweza kusoma Katekisimo anaweza pia kuisoma amri ya serikali na kuona kama inapatana na Katekisimo.

Hilo ndilo lililotokea katika Jutland ya mashariki, kati ya miji ya Vejle na Horsens. Mwisho wa karne ya 18 wakuu wa Kanisa, ambao walikuwa wamevutwa na fikra za Mwangaza, walileta kitabu kipya cha mafundisho (1791) na kitabu kipya cha nyimbo (1798). Wakulima wa sehemu ile waliona kwamba dhambi na neema vimepunguzwa na kwamba mahali pake pamejazwa maadili mema. Wakakataa. Walitaka Pontoppidan wao na nyimbo zao za zamani. Walipoambiwa kwamba shule zitafundisha kwa kitabu kipya, wakawazuia watoto wao wasiende. Walitozwa faini, wengine wakatiwa gerezani, lakini hawakurudi nyuma, na mwishowe ilibidi waruhusiwe kuwa na shule zao wenyewe. Historia inawaita Wajutland Wenye Nguvu. Tunakiri kwamba watu hawa hawakuwa wanademokrasia. Hawakudai kura wala katiba, na kwa mafundisho yao walikuwa watu wa kale. Walidai kitu kimoja tu, kwamba dhamiri ya mzazi Mkristo haiwezi kuamriwa na ofisi. Lakini serikali ilijifunza kwa mara ya kwanza kwamba kuna mahali ambapo amri yake inakoma, na waliomfundisha ni wakulima wenye Katekisimo mikononi.

Kutoka hapo twafika kwenye uamsho wa walei wa miaka ya 1820 na 1830. Amri ya 1741 ilikuwa imekataza mikutano ya ibada isiyo chini ya usimamizi wa mchungaji wa usharika, na mlei hakuruhusiwa kuzunguka akihubiri. Amri ile ilikuwa imelala. Uamsho ulipoanza katika kisiwa cha Funen na kwingineko, iliamshwa. Wakulima na mafundi waliokutana nyumbani kusoma mahubiri ya Luther na kuomba walitozwa faini, na baadhi walifungwa. Wachungaji wengi, kwa masikitiko yetu, ndio waliopeleka mashtaka.

Tungependa kukaa kidogo hapa, kwa sababu waandishi wa historia ya siasa hupita mahali hapa haraka. Mtu aliyezoea kunyamaza mbele ya mwenye shamba alijifunza katika mikutano ile kusimama na kusema mbele ya wenzake. Alijifunza kusikiliza mwingine akisema kinyume chake. Alijifunza kuandika ombi kwa mfalme, kukusanya sahihi, kutunza fedha za pamoja, na kujibu maswali ya hakimu bila kutetemeka. Kazi hizo zote ni kazi za raia. Haishangazi kwamba Rasmus Sørensen, mwalimu wa shule ya kijijini aliyekuwa katika uamsho, alionekana baadaye katika siasa za wakulima. Mwaka 1842 yeye pamoja na fundi viatu J. A. Hansen walianzisha gazeti la watu wa kawaida, Almuevennen, na mwaka 1846 ikaundwa Jumuiya ya Marafiki wa Wakulima, ambayo ndiyo ikawa mzizi wa chama cha siasa. Waliokuwa wamepigania haki ya kukutana kwa ajili ya Neno waliendelea kupigania haki ya kukutana kwa ajili ya ardhi na kodi.

Wakati huohuo, wasomi wa mjini walikuwa na njia yao. Mfalme, akishtushwa na mapinduzi ya Paris ya 1830, alikubali kuunda mabaraza manne ya ushauri, na sheria yake ikatolewa mwaka 1834. Mabaraza hayo hayakuwa na uwezo wa kuamua, na ni wenye mali tu waliochagua wajumbe. Lakini yalikuwa shule ya kujadiliana. Miongoni mwa viongozi wa chama cha wapenda uhuru alikuwa H. N. Clausen, profesa wa theolojia wa Chuo Kikuu cha Copenhagen.

Jina la Clausen linatuleta kwa Nikolai Frederik Severin Grundtvig. Yeye alizaliwa 1783 katika nyumba ya mchungaji huko Udby, akawa mchungaji, mtunzi wa nyimbo na mwanahistoria. Mwaka 1825 alimshambulia Clausen kwa kijitabu kikali, akimtaka aungame makosa ya mafundisho yake au aache uprofesa na jina la Mkristo. Clausen hakujibu kwa kalamu, alikwenda mahakamani. Grundtvig akahukumiwa, akatozwa faini, na maandishi yake yote yakawekwa chini ya ukaguzi wa polisi, kifungo ambacho hakikuondolewa mpaka 1837. Hapa kuna jambo la kutafakari. Profesa mpenda uhuru ndiye aliyeitumia sheria kumnyamazisha mpinzani wake, na mchungaji mwenye imani ya kale ndiye aliyetoka katika adhabu hiyo akiwa mtetezi wa uhuru wa kusema. Hatusemi hivyo ili kumshusha Clausen, kwa maana baadaye aliitumikia nchi yake kwa heshima. Twasema kwamba uhuru hufahamika kwa namna moja na anayeusoma vitabuni, na kwa namna nyingine na aliyenyimwa.

Safari za Grundtvig nchini Uingereza, kuanzia 1829 hadi 1831, ziliongeza jambo jingine. Aliona watu wanaoshughulika, wanaojadiliana na kuunda vyama bila kungoja idhini, na aliona katika vyuo vya Cambridge walimu na wanafunzi wakiishi na kula pamoja. Kutoka hapo likaja wazo la chuo cha watu: mahali ambapo kijana wa mkulima angefundishwa kwa lugha ya mama, kwa neno lililo hai zaidi kuliko kitabu, bila mitihani, ili aweze kushiriki mambo ya nchi yake. Kilatini kilikuwa lugha ya wakubwa. Asiyekijua alihesabiwa hana la kusema. Grundtvig aliona kwamba mabaraza ya ushauri yasingefaa kitu iwapo watu wangepewa nafasi ya kusema bila kupewa lugha ya kusemea. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding tarehe 7 Novemba 1844.

Lakini isidhaniwe kwamba Grundtvig alikuwa mwanademokrasia wakati huo. Aliamini kwamba mfalme mwema anayesikiliza sauti huru ya watu ni bora kuliko bunge linalohesabu kura. Aliogopa wingi wa watu wasiofunzwa. Mabadiliko yalimkuta kabla hajawa tayari.

Mfalme Christian VIII alifariki Januari 1848. Tarehe 21 Machi, wakati miji ya Ulaya ilipokuwa ikiwaka moto wa mapinduzi, umati wa watu wa Copenhagen uliandamana hadi kwenye jumba la mfalme kudai serikali mpya. Frederik VII aliwajibu kwamba mawaziri wamekwisha kuondolewa. Utawala wa miaka 188 ulimalizika bila damu kumwagika mjini, ingawa vita na waasi wa Schleswig na Holstein vilianza papo hapo. Aliyepewa kazi ya kuandika rasimu ya katiba alikuwa mtheolojia, D. G. Monrad, mchungaji aliyekuwa amefanywa waziri wa mambo ya Kanisa na elimu, naye mwaka 1849 akawa askofu. Bunge la Katiba lilikutana tarehe 23 Oktoba 1848 likiwa na wajumbe 152, ambao 114 walichaguliwa na 38 waliteuliwa na mfalme. Humo Clausen alikuwemo kama waziri, na Grundtvig kama mjumbe wa Præstø. Wapinzani wa 1825 walikaa katika ukumbi mmoja.

Katiba ilitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1849. Uhuru wa dini, wa kusema na wa kukutana uliwekwa ndani yake, na ile amri ya 1741 ikakosa nguvu. Kura ilipewa wanaume waliotimiza miaka 30, wenye nyumba zao, kwa wingi ambao nchi chache za Ulaya ziliuthubutu. Lakini wanawake wote, watumishi walioishi katika nyumba za mabwana zao, na waliopokea msaada wa maskini bila kuurudisha, waliachwa nje. Wapiga kura walikuwa kama asilimia 15 ya watu wote. Ilipofika siku ya kuikubali, Grundtvig hakupiga kura upande wowote.

Kuna wengine walioachwa nje, nao vitabu vingi vya sherehe huwasahau. Denmark ilikuwa na visiwa vya mashamba ya miwa katika Karibi, na watumwa wake walikuwa wametoka Afrika, wengi wakipitia ngome za Wadenmark katika pwani ya Ghana ya leo. Tarehe 3 Julai 1848, kati ya maandamano ya Machi na mkutano wa Oktoba, watumwa wa kisiwa cha St. Croix walisimama kwa maelfu huko Frederiksted wakadai uhuru wao, na gavana Peter von Scholten akautangaza bila kungoja ruhusa ya Copenhagen. Watu hao walijikomboa wenyewe. Hawakupewa nafasi katika katiba iliyokuwa ikiandikwa. Grundtvig alikuwa mmoja wa kamati ndogo iliyoundwa mwaka 1839 kupinga utumwa, na Desemba 1848, suala la fidia kwa wenye watumwa lilipotajwa bungeni, alikataa kabisa kwamba mtu aweza kuwa na haki ya kummiliki mtu mwenzake. Ni sauti moja. Twaiandika kwa sababu ilisikika, na pia kwa sababu ilikuwa moja.

Kuhusu Kanisa, Monrad na wenzake walichagua maneno yaliyofikiriwa sana. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri halikuitwa tena la mfalme. Liliitwa Kanisa la watu wa Denmark, na serikali ikaahidi kulitegemeza kwa kuwa lilikuwa la watu. Mwaka 1855 Mkristo aliruhusiwa kuhama kwa mchungaji mwingine amtakaye; mwaka 1857 ubatizo wa lazima ukakoma; mwaka 1868 watu wakaruhusiwa kuunda usharika wao na kumchagua mchungaji ndani ya Kanisa lilelile.

Baada ya kushindwa vita na Prusia na Austria mwaka 1864, wenye ardhi kubwa walipata nguvu, na katiba ikarekebishwa mwaka 1866 ili baraza la juu liwe lao. Hapo ndipo yule mzee asiyepiga kura 1849 alipobadilika kabisa. Akiwa na zaidi ya miaka 80, Grundtvig aliingia tena bungeni kuitetea katiba ambayo hapo kwanza hakuipigia kura, na pamoja na A. F. Tscherning akaenda kwa mfalme kumsihi asitie sahihi. Hawakusikilizwa. Waziri mkuu Estrup alitawala tangu 1875 hadi 1894 kinyume cha wingi wa wabunge waliochaguliwa, na kuanzia 1885 akaendesha fedha za nchi kwa amri za muda. Wakulima hawakushika silaha. Walijenga. Vyuo vya watu vilienea vijijini. Mwaka 1882 huko Hjedding wakulima walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika, na vyama vya namna hiyo vikafuata kila mahali, vikishika kanuni kwamba kura huhesabiwa kwa vichwa vya watu, siyo kwa vichwa vya ng'ombe. Mwenye ng'ombe mmoja na mwenye 50 walikuwa sawa mkutanoni. Bungeni kanuni hiyo ilikuwa imekataliwa. Katika kiwanda cha maziwa ilitumika kila mwaka. Mwaka 1901 mfalme alikubali hatimaye kuchagua serikali kwa kufuata wingi wa wabunge.

Mwaka 1903 sheria ya mabaraza ya usharika iliwapa wanawake haki ya kupiga kura na kuchaguliwa. Hiyo ilitangulia kura ya serikali za mitaa (1908) na ya Bunge (1915). Kwa hiyo mwanamke wa Denmark alipiga kura yake ya kwanza katika usharika.

Jaribu kubwa lilikuja tarehe 9 Aprili 1940, Wajerumani walipoiteka nchi katika muda wa saa chache. Serikali na Bunge viliachwa viendelee chini ya uangalizi. Katika majira ya vuli ya mwaka ule, profesa wa historia ya Kanisa, Hal Koch, alitoa mihadhara juu ya Grundtvig katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, na watu walijaa ukumbini. Vijana walimchagua awe kiongozi wa umoja wa vyama vyao. Wengi walitazamia kwamba angewasha moto wa uzalendo. Yeye aliwaambia kwamba nyimbo za taifa hazitoshi. Jirani zao wa kusini nao walikuwa na nyimbo. Lililohitajika ni kuwafundisha vijana wajibu wa siasa, yaani kulinda sheria, Bunge na haki ya jirani. Kwa ajili hiyo alikubali siasa ya serikali ya kushirikiana na wavamizi kadiri ilivyowezekana, na wapiganaji wa siri walimlaumu sana.

Kinyume chake alisimama Kaj Munk, mchungaji wa Vedersø na mtunzi wa tamthilia. Katika miaka ya 1930 Munk alilidharau Bunge na kuwasifu madikteta, ingawa mwaka 1938 aliandika barua ya wazi kwa Mussolini kupinga mateso ya Wayahudi. Nchi ilipotekwa, yeye ndiye aliyehubiri waziwazi dhidi ya wavamizi. Usiku wa tarehe 4 Januari 1944 alichukuliwa nyumbani kwake na kuuawa kando ya barabara. Aliyeitetea demokrasia alishauri uvumilivu. Aliyeidharau alimwaga damu kwa ajili ya uhuru. Wanafunzi wetu hupenda kuuliza ni nani kati ya hao wawili alikuwa na haki. Sisi tunaona kwamba Koch alifahamu vizuri zaidi kile kilichostahili kulindwa, na Munk alifahamu mapema zaidi kwamba wakati wa kusema hapana umefika. Hata Bunge lenyewe lilifika hapo: serikali ilijiuzulu tarehe 29 Agosti 1943, miezi mitano baada ya uchaguzi ambao karibu asilimia 90 ya wapiga kura walijitokeza. Mwanzoni mwa Oktoba waraka wa maaskofu, uliotumwa na Fuglsang-Damgaard, askofu wa Copenhagen, ulisomwa makanisani kuwatetea Wayahudi, na zaidi ya watu 7,000 walivushwa kwa mashua hadi Sweden.

Vita vilipokwisha, Koch alitoa mwaka 1945 kitabu kidogo kuhusu maana ya demokrasia. Alisema kwamba demokrasia ni namna ya kuishi kabla ya kuwa mfumo wa kutawala, na kwamba moyo wake ni mazungumzo: watu wenye haja tofauti huketi, kila mmoja akijaribu kwa dhati kumwelewa mwenzake, ili wapate neno linalofaa kwa wote. Kura ni ya kumaliza tu. Ikipigwa kabla ya mazungumzo, ni mabavu ya walio wengi. Mwaka uliofuata profesa wa sheria Alf Ross alimjibu kwa kitabu chake. Kwake demokrasia ni njia ya kuamua, na kiini chake ni kanuni ya wingi. Aliona kwamba tukiiita namna ya kuishi tunaijaza wema wote tuupendao mpaka isiweze kupimwa tena. Ross ana hoja nzito. Mazungumzo yasiyo na kura huweza kuendelea mpaka mwenye nguvu apate alitakalo. Lakini Ross hakuwa na jibu rahisi kwa yaliyotokea Ujerumani 1933, ambako kura zilihesabiwa na bado uhuru ukapotea. Koch alikwenda kuishi fundisho lake: kuanzia 1946 alikuwa mkuu wa chuo cha watu cha Krogerup. Mtiririko huohuo, ukipitia Sweden, ulifika hata kwetu Tanzania katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975.

Mke wake, Bodil Koch, naye mtheolojia, aliingia Bungeni mwaka 1947, mwaka uleule sheria iliporuhusu wanawake kuwa wachungaji, na kuanzia 1953 hadi 1966 aliongoza wizara ya mambo ya Kanisa. Wizara hiyo ingali ipo. Katiba ya 1849 iliahidi kwamba Kanisa la watu litapewa katiba yake kwa sheria. Ahadi hiyo imerudiwa katika katiba ya 1953 na haijatimizwa. Jaribio la karibuni liliachwa mwaka 2014. Kanisa ambalo walei wake walifungwa kwa ajili ya haki ya kukutana halina sinodi mpaka leo, wala chombo chochote kinachoweza kusema kwa niaba yake. Wadenmark wengi hawasikitiki. Wanasema kwamba chombo kimoja chenye sauti moja kingewanyamazisha watu wa uamsho au watu wa Grundtvig, na ni afadhali Kanisa lisiwe na msemaji kuliko liwe na mmoja. Wengine wanajibu kwamba kwa njia hiyo msemaji ni waziri, ambaye si lazima awe Mkristo. Mjadala huo bado unaendelea katika mabaraza ya usharika.